Mwanga, Rangi na Starehe: Picha za Pwani Zisizo na Bahari

Mwaka 1867 mchoraji Mfaransa Claude Monet aliichora bustani ya Sainte-Adresse, kando ya bahari. Watu wameketi juani, bendera zinapepea, na vyombo vimetanda majini hadi upeo wa macho. Mada ya picha ile ni starehe ya mtu mwenye wasaa wa kuitazama bahari.

Miaka 101 baadaye, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora jijini Dar es Salaam. Picha zake ziliuzwa Oyster Bay, karibu na ufuko, na wanunuzi wengi walikuwa wageni. Hata hivyo, katika picha zake zilizo mashuhuri bahari haimo. Waliomo ni chui, tembo na ndege. Monet aliufuata mwanga unavyoviangukia vitu na kuzaa vivuli. Tingatinga alipaka rangi ya kopo, yenye kung'aa, juu ya ubao wa dari, na mnyama wake hana kivuli: mwanga hutoka katika rangi yenyewe. Kiswahili chaafiki jambo hili, kwani neno rangi hutaja sifa ionwayo na jicho na pia kitu kipakwacho kwa brashi.

Starehe nayo imetoka ndani ya picha ikahamia kwa mnunuzi. Mchoraji mwenyewe alikuwa amepitia kazi ya mashamba ya mkonge Tanga na utumishi wa nyumbani.

Uzito wa hali hiyo huonekana vema ikitazamwa kutoka Chamwino, katika uwanda wa Dodoma. Mwaka 1971, mwaka mmoja kabla ya kifo cha Tingatinga, Mwalimu Julius Nyerere alishiriki pamoja na wanakijiji wa Chamwino katika ujenzi wa kijiji cha ujamaa. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limekwisha kuzihesabu ngoma na pombe za vijijini miongoni mwa mambo yapotezayo nguvu za taifa. Kwa Wagogo, ambao ngoma kwao hufuata mavuno, pumziko ni sehemu ya mwaka wa kazi.

Neno starehe, lenye asili ya Kiarabu, lilianza na maana ya kupumzika tu. Katika miaka ile mgeni wa ufukweni aliinunua starehe yake bila kuulizwa, ilhali mkulima wa bara alitakiwa kuitolea hoja. Kwa hiyo historia ya sanaa isiishie kuuliza ni nani aliyechora. Iulize pia ni nani aliyeruhusiwa kupumzika.