Saa sifuri, Dakawa

Nilikuwa Dakawa kwa mjomba, kwenye mashamba ya mpunga yanayonywa maji ya Mto Wami. Kwa kuwa mimi ndiye "msomi" wa ukoo, nikaombwa nichape ratiba ya zamu za maji za majirani wa mfereji mmoja. Mtu mwenye akili angetumia Word. Mimi nikajitia ujuzi, nikatumia TeX.

TeX ni programu ya kupanga kurasa za kuchapwa. Mwaka 1977 Donald Knuth, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la kitabu chake, akachukizwa na sura ya herufi. Akaamua kutengeneza programu yake mwenyewe, akitumaini kuimaliza kwenye likizo yake ya utafiti ya 1978. Ikamla miaka kama kumi! Na wala hakutaka iwe lugha ya kuandikia programu. Alitaka kurasa nzuri, basi. Guy Steele, aliyekuwa Stanford majira ya joto ya 1978, alimsumbua aongeze uwezo, na mengi aliyodai yakaingia kwenye TeX iliyoandikwa upya, ile ya 1982. Ndipo unapoweza kuiambia: \ifnum, yaani namba ikiwa hivi, fanya hili, \else, la sivyo, fanya lile, \fi, tumemaliza.

Sasa njoo kwenye saa zetu. Kompyuta huanza kuhesabu usiku wa manane, sisi jua likichomoza. Yake 7 ni yetu saa moja. Kwa hiyo makro yangu iliongeza 6 kwa saa za usiku wa manane hadi alfajiri, ikatoa 6 mchana, ikatoa 18 usiku. Kasheshe ni kwamba \ifnum inajua alama tatu tu: ndogo kuliko, sawa na, kubwa kuliko. "Ndogo au sawa" haipo. Nikaandika "ikiwa ndogo kuliko 6, ongeza 6", nikaisahau 6 yenyewe. Ikaangukia kwenye \else, ikatolewa 6. Badala ya saa 12 asubuhi, karatasi ikasema: saa 0.

Mama mmoja jirani akatazama simu yake. Kwenye simu, 0 ni usiku wa manane. Usiku huohuo akaja na jembe na tochi, akafungulia maji shambani kwake. Zamu ya usiku ilikuwa ya mjomba.

Kulipokucha mjomba akanionyesha majaruba yake makavu. "Mjomba, hii saa sifuri ndiyo saa ngapi?"

Nilibadilisha herufi moja tu: <6 ikawa <7. Nikachapa upya, nikazunguka nyumba kwa nyumba kubadilisha karatasi na kuomba radhi. Mama yule alinipokea vizuri, akanipa na chai. Ila yeye na mjomba, mpaka naondoka, walikuwa hawajasalimiana.