Elimu ya uhifadhi katika Msitu wa Arabuko-Sokoke

Elimu ya uhifadhi katika Msitu wa Arabuko-Sokoke ni juhudi za kulinda ndege na makazi yao kwa kuwashirikisha wanavijiji na wanafunzi wa kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya.

Msitu huu una eneo la takriban km² 420. Ndani yake huishi ndege walio hatarini kutoweka, wakiwemo bundi mdogo wa Sokoke (Otus ireneae) na kwera wa Clarke (Ploceus golandi), anayepatikana Kenya pekee. Tishio kubwa ni ukataji wa miti kwa ajili ya kuni, mkaa, nguzo na uchongaji.

Mbinu

Wengi hukata miti kwa sababu ya uhitaji, hivyo mafunzo huambatana na kipato. Mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993 huko Gede, huwawezesha wakulima kufuga vipepeo na kuuza pupa wao ng'ambo. Mbegu ya vipepeo hutoka msituni. Msitu ukiisha, biashara nayo huisha.

Mradi wa ASSETS wa shirika la A Rocha Kenya hutumia ada za watalii wanaopita kwenye njia ya mbao kati ya mikoko ya ghuba ya Mida. Fedha hizo husaidia kulipa karo za wanafunzi wa sekondari kutoka vijiji vilivyo kando ya msitu.

Mipaka ya mpango

Mwaka 2013 viota vya kwera wa Clarke viligunduliwa kwenye kinamasi cha Dakatcha, kaskazini mwa msitu. Kwa hiyo, kuwaelimisha majirani wa msitu pekee hakutoshi kumlinda ndege huyu.