Mlio wa breki usiokwisha: tafuta chanzo kabla ya kununua pedi

BUJUMBURA – Mtaa wa Mutanga Sud uko mashariki mwa Bujumbura, pale jiji linapoanza kupanda kutoka Ziwa Tanganyika kuelekea milimani. Gari la hapa hushika breki kila siku kwenye mteremko. Likirudi kutoka Bugarama kwa barabara ya taifa namba 1 (RN1), huteremka zaidi ya mita 1,000 katika kilomita kama 35. Kwa hiyo mlio wa breki si kero ya masikio tu, ni suala la usalama na la mfuko.

Kosa la kawaida ni kubadilisha pedi, ambazo katika magaraji ya Bujumbura huitwa pia plaketi, kabla ya kujua kinacholia. Mlio ukirudi, mwenye gari hulipa mara mbili na tatizo liko palepale. Inafaa kuanza na uchunguzi usio na gharama.

Mlio unasema nini
- Mkwaruzo wa asubuhi unaoisha baada ya kukanyaga breki mara chache: ni kutu nyepesi juu ya diski. Hauna madhara.
- Filimbi gari linapotembea, inayokatika breki zikikanyagwa: mara nyingi ni kibati cha tahadhari kinachogusa diski. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi; kibati hulia zikibaki 2 au 3.
- Chuma kusaga chuma: pedi imekwisha. Gari lisiendeshwe.
- Mngurumo unaobadilika gari likikata kona: kwanza ipimwe beringi ya gurudumu, si breki.
- Mkwaruzo usiokoma hata breki zisipokanyagwa: huenda kijiwe kimenasa kati ya diski na bati la kukinga vumbi.

Kulipata gurudumu lenyewe
Baada ya kuendesha kilomita chache bila kushika breki sana, gurudumu lenye joto kuliko mengine ndilo la kutiliwa shaka. Mkono usogezwe karibu tu, diski isiguswe. Kisha gari liwekwe mahali tambarare, magurudumu mengine yazuiwe kwa mawe, na lile linaloshukiwa lipigwe jeki na kuzungushwa. Likiwa zito, breki inashika muda wote.

Gurudumu likishafunguliwa, pedi ya ndani ilinganishwe na ya nje. Moja ikiwa imelika zaidi sana, pini za kalipa zimekauka au pistoni imekwama. Hapa pedi mpya hazitasaidia, nazo zitalika vilevile. Pini zisafishwe na kupakwa grisi maalumu ya breki, kwa sababu grisi ya kawaida huweza kuvimbisha mipira. Pedi inayong'aa kama kioo imeungua kwa joto la mteremko. Ibadilishwe, na dereva ashuke kwa gia ndogo. Diski nayo ipimwe: unene wa chini unaoruhusiwa huchongwa juu yake.

Kununua spea
Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na kuingia katika umoja wa forodha mwaka 2009. Sehemu kubwa ya bidhaa zake hupitia bandari ya Dar es Salaam na mpaka wa Kobero. Njia ni ndefu, na spea isiyofaa ni vigumu kuirudisha ilikotoka. Kwa gari lililotumika kutoka Japani, mnunuzi aagize kwa namba ya chesisi, si kwa jina la gari pekee. Ahakikishe pia kwamba vibati vya kuzuia mtikisiko vimo, maana vikikosekana hata pedi nzuri hulia.

Pedi hubadilishwa kulia na kushoto kwa pamoja. Mteja adai kuonyeshwa zile za zamani, kwani jinsi zilivyolika ndiyo ushahidi wa chanzo cha mlio.