Kuondoa rangi kuukuu kwenye boti na meli: njia ipi ni nafuu?

Kilima cha Kyambogo na bandari ya Port Bell, Ziwa Victoria, vyote vimo katika tarafa ya Nakawa jijini Kampala. Bandarini hapo hutia nanga boti za mbao na pia meli za chuma za kubeba mabehewa ya reli, kama MV Kaawa na MV Pamba. Vyombo hivyo vyote huhitaji kuondolewa rangi kuukuu kabla ya kupakwa mpya, lakini njia iliyo nafuu kwa kimoja yaweza kuwa hasara kwa kingine.

Kukwangua kwa mkono

Zana zake ni bei ndogo: kikwangulio, brashi ya waya na msasa. Gharama kubwa ni ujira wa siku nyingi. Kwa boti ya mbao ndiyo njia salama zaidi, kwani fundi huikwepa kalafati na vichwa vya misumari.

Moto na dawa

Moto hulainisha rangi upesi, lakini huweza kuunguza mbao, na rangi ya zamani yenye madini ya risasi hutoa moshi wa sumu. Dawa ya kuyeyusha rangi hupunguza siku za kazi, ila hununuliwa upya kila mara. Baadhi zina methilini kloridi, kemikali iliyowahi kuua mafundi waliofanya kazi mahali pasipo na hewa. Marekani ilizuia kuwauzia wateja wa kawaida dawa zenye kemikali hiyo mwaka 2019.

Mchanga na maji ya msukumo

Kurusha mchanga kwa kompresa husafisha chuma haraka na kukiacha na ukwaruzo unaoshika rangi mpya. Gharama yake ni kukodi mashine, mafuta na mchanga wenyewe. Vumbi la mchanga huharibu mapafu kabisa. Uingereza iliupiga marufuku katika kazi hiyo viwandani tangu mwaka 1949. Mbadala ni chenga za mabaki ya tanuri za shaba. Maji ya msukumo mkubwa hayatoi vumbi, lakini mashine yake ni ghali na chuma huanza kutu mara kikaukapo. Kwa mbao, njia zote mbili huchimba ubao na kung'oa kalafati.

Namna ya kukadiria

Tuseme boti ina mita za mraba 40, na fundi hukwangua mita 5 kwa siku: ni siku 8. Ikiwa mashine humaliza kwa siku moja, itakuwa nafuu endapo gharama yake yote haizidi ujira wa siku 8 pamoja na mapato ya siku 7 ambazo boti ingekaa nchi kavu bila kuvua.

Katika kila hesabu, ongeza barakoa, miwani na turubai la kukusanyia maganda ya rangi. Maganda yakiingia ziwani, gharama yake hulipwa na wanaokunywa maji hayo na kula samaki wake.