Kalamu ya Makaa na Sura za Wanyama

Makaa ni kitu cha jikoni, na watu wengi huyadharau: huchafua mikono, hutia weusi nguo, na mwisho wake ni jivu. Walakini yamo katika vyombo vya kale kabisa vya uchoraji, na wanyama ni miongoni mwa viumbe vya kwanza vilivyochorwa kwayo.

Tarehe 18 Desemba 1994 watu watatu waliopenda kuzuru mapango walivumbua pango moja huko Ardèche, kusini ya Ufaransa, nalo likaitwa Chauvet kwa jina la mmoja wao. Katika kuta zake wamo farasi, simba na vifaru waliochorwa kwa makaa ya msonobari yapata miaka 36,000 iliyopita. Mchoraji alikwangua ukuta kwanza hata ukawa mweupe, akapiga mistari, kisha akaueneza weusi kwa mkono ili shavu la farasi lipate kivuli. Basi mwanafunzi anayefundishwa leo kufifisha makaa kwa kidole hufundishwa ujuzi uliotangulia kilimo. Michoro hiyo ilidumu kwa sababu mwamba uliporomoka ukaliziba pango.

Nje ya pango makaa hayana dhamana ya namna hiyo. Hayashiki, huondoka kwa kuguswa tu. Yapata mwaka 1400 Cennino Cennini wa Italia aliandika jinsi ya kuyatengeneza: vijiti vya mti laini hufungwa kwa waya, hutiwa katika chungu kipya kilichozibwa kwa udongo, na chungu hupelekwa jioni kwa mwoka mikate kikalale katika tanuri mpaka asubuhi. Mstari uliokosewa ulifutwa kwa unyoya. Mchoro ulipokuwa sawa ulikazwa kwa wino, na makaa yakapanguswa yote. Ndivyo makaa yalivyokuwa mtumishi aamkaye alfajiri kupika, akaondoshwa kabla ya karamu.

Hata hivyo, mnyama hakai atazamwe kama mtu aliyeketishwa kitini, na kwa mchoraji wake wepesi wa kufutika ni neema. Mwaka 1637 Rembrandt alimchora kwa chaki nyeusi na makaa Hansken, tembo jike wa Ceylon aliyekuwa akitembezwa Ulaya kwa maonyesho. Mikunjo ya ngozi yake yaonekana kana kwamba ingali ikisogea.

Kalamu ilikuja kwa njia ya vita. Mwaka 1795 Nicolas-Jacques Conté, kwa kuwa Ufaransa ilikosa grafaiti ya Uingereza, alichanganya unga wa grafaiti na udongo wa mfinyanzi akauoka. Baadaye unga wa makaa nao ulishindiliwa pamoja na kitu cha kuugandisha, ukavikwa ubao. Wakati huo wanyama nao walikuwa wamesogea karibu na watu. Bustani ya wanyama ya Paris ilianzishwa mwaka 1793, na humo Delacroix na Barye walichora simba. Ile ya London, iliyokuwa ya wanachama tangu 1828, ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1847. Karani au mwalimu aliyechora kwa kujifurahisha tu aliweza sasa kusimama mbele ya chui akiwa na daftari, mikono yake safi.

Usafi huo ulikuwa na bei, na bei yenyewe haisemwi sana. Makaa yaliyoshindiliwa huuma karatasi, na mstari wake haufutiki wote, hata kwa mpira. Anayejifunza hupata chombo kisichomchafua, lakini kisichomsamehe. Naye ndiye ahitajiye msamaha kuliko fundi. Kwa sababu hiyo, wengi wachorao kwa kujifurahisha huanza na kijiti kitupu kama kile cha Cennini, wakamtafuta mnyama kwa mistari myepesi, wakafuta na kurudia, mpaka mgongo na miguu vipatane. Kalamu huchongwa mwisho, kwa ajili ya mboni ya jicho, tundu za pua na sharubu.