Vipimo vya afya kwa wanaofanya kazi kwenye baridi

Kigoma ni mji wa joto, kwa hiyo ikitajwa kazi ya baridi wengi wetu hufikiria Makete au Ulaya. Lakini baba anayekesha ziwani akivua dagaa, dada anayepanga migebuka kwenye barafu mwaloni Kibirizi au Katonga, na kijana anayeingia na kutoka kwenye chumba cha kugandishia samaki, wote hao wanafanya kazi kwenye baridi. Mama au mlezi, ukurasa huu unakueleza nani apimwe, apimwe nini, na dalili zipi usizisubirie.

Baridi inafanya nini mwilini

Joto la kawaida la mwili ni kama nyuzi 37. Samaki waliogandishwa hutunzwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Mtu akiingia humo, mishipa midogo ya damu kwenye vidole, masikio na pua hujibana ili joto libaki kwenye moyo na mapafu. Mishipa ikijibana, presha hupanda. Hewa baridi pia hubana njia za hewa kifuani. Ziwani hakuna barafu, lakini nguo zilizolowa na upepo wa kusini unaovuma kati ya Mei na Septemba huondoa joto la mwili haraka.

Baridi peke yake haileti nimonia. Nimonia huletwa na vimelea. Kwa hiyo kikohozi kinachodumu wiki mbili au zaidi usikiite "baridi ya kazini". Mgonjwa apimwe kifua kikuu.

Nani apimwe kabla ya kuanza kazi

Kila anayeanza kazi hii apimwe, na hasa mwenye:

- Selimundu. Baridi inaweza kuamsha maumivu makali ya mifupa na kifua. Kijana mwenye selimundu asipokee kazi ya chumba cha barafu kabla ya kuongea na daktari wake.
- Pumu.
- Presha ya kupanda au ugonjwa wa moyo.
- Kisukari, hasa miguu ikiwa na ganzi, kwa kuwa hatasikia kidole kinavyoumia.
- Vidole vinavyogeuka vyeupe, kisha bluu, kisha vyekundu vikiguswa na baridi.
- Ujauzito.

Vipimo vyenyewe

Mhudumu ataanza na maswali: umewahi kuugua nini, unatumia dawa gani, unavuta sigara? Mwambie ukweli. Kisha atapima presha, uzito na sukari, atasikiliza moyo na mapafu, na kuangalia ngozi, vidole vya mikono na miguu. Akiona haja, ataagiza kipimo cha nguvu ya mapafu, damu au moyo. Kwa vipimo vikubwa unaweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni.

Kupimwa mara moja hakutoshi. Vipimo hurudiwa kwa muda anaopanga daktari, na mapema zaidi dalili mpya ikitokea. Tunza majibu ya mwanzo, kwani ndiyo yatakayoonyesha kama kazi imebadilisha afya.

Haki zako

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mfanyakazi apimwe na daktari kabla ya kuanza kazi na mara kwa mara baadaye. Inayosimamia ni OSHA. Kupima VVU ni kwa hiari.

Mjamzito au anayenyonyesha hatakiwi kupewa kazi yenye hatari kwake au kwa mtoto. Sakafu ya barafu huteleza, na makreti ya samaki ni mazito. Omba kazi nyingine mapema. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa mapacha, na ukirudi kazini una haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Na usiache kunyonyesha kwa kuambiwa maziwa "yameingia baridi". Baridi haiharibu maziwa ya mama. Badili nguo zilizolowa, jifunike, kisha mnyonyeshe.

Mvuvi hana mwajiri wa kumpeleka kupimwa. Tumia siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapopumzika, kumpeleka zahanati akapimwe presha na sukari.

Dalili za kukimbilia kituo cha afya

- Maumivu ya kifua au kupumua kwa shida.
- Kutetemeka kunakoacha huku mtu bado ni wa baridi.
- Kuongea kilevi, kuchanganyikiwa au kusinzia.
- Kidole kigumu, cheupe au cheusi, kisichosikia kuguswa.
- Maumivu makali kwa mwenye selimundu.

Mkiwa njiani au mkisubiri usafiri

Mvue nguo zilizolowa, mkaushe, mfunike mwili na kichwa kwa blanketi au vitenge vikavu. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpe chai ya moto kiasi yenye sukari. Usimpe pombe: humfanya ahisi joto huku mwili ukizidi kupoa. Usisugue vidole vilivyokufa ganzi wala kuviweka karibu na moto, ataungua bila kusikia. Usiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hewa yake inaua kimya kimya.

Leo usiku kabla hajatoka, mwangalie vidole na umuulize kuhusu kifua. Mfungie nguo kavu za kubadilisha ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na soksi. Akikwambia vidole vinakufa ganzi kila siku, asisubiri mwezi uishe. Mpeleke apimwe wiki hii.