Kansa ya titi: historia ya kisu, ya ukimya, na ya wanawake waliokataa kuugua peke yao

BUKAVU – Katika kartye za Kadutu, Bagira na Panzi, uvimbe wa titi una majina mengi. Kuna anayesema ni maziwa yaliyoganda baada ya kunyonyesha. Kuna anayesema ni karuho aliyotegewa na jirani. Kuna anayesema ni laana ya ukoo. Jina lenyewe, kansa, husemwa kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie. Na mama akishaambiwa hospitalini kwamba ndiyo hiyo, mara nyingi anarudi nyumbani na maswali mawili tu: nitakufa lini, na watoto nitamwachia nani?

Maswali haya si ya Bukavu peke yake. Wanawake wameyauliza kwa maelfu ya miaka, na majibu yamebadilika sana. Ni vizuri tuijue historia hiyo, sisi tuliobaki mjini na ninyi ndugu mliohama, kwa sababu ndani yake kuna mambo ya kumsaidia mgonjwa leo.

Ugonjwa wa kale, na lawama ya kale

Neno saratani limetoka kwa Waarabu, na maana yake ni kaa, yule mnyama wa majini mwenye miguu mingi. Hata kansa, tuliyoipata kwa Wazungu, ni neno la Kilatini lenye maana hiyohiyo. Wagiriki wa kale waliona mishipa iliyovimba kuzunguka uvimbe, wakaona inafanana na miguu ya kaa. Kabla yao, waganga wa Misri walikwisha kuuandika. Karatasi moja ya mafunjo, iliyonakiliwa miaka kama 1600 kabla ya Kristo, inaeleza uvimbe mgumu wa titi, kisha inasema kwa ufupi kwamba hauna dawa.

Galen, daktari mkubwa wa zama za Warumi, alifundisha kwamba kansa inatoka kwa nyongo nyeusi, na kwamba wanawake wenye huzuni ndio hupatwa zaidi. Mafundisho yake yaliaminiwa zaidi ya miaka 1000. Tazameni lilipoanzia jambo hili: mgonjwa alilaumiwa kwa ugonjwa wake mwenyewe. Leo sisi tunamlaumu jirani au mama mkwe. Lakini kansa ni chembe za mwili zilizoacha kufuata mpango na kuzaana ovyo. Hailetwi na karuho, hailetwi na huzuni, haiambukizwi kwa kula sahani moja wala kulala kitanda kimoja. Hata wanaume huipata, ingawa ni mmoja tu hivi kati ya wagonjwa 100.

Barua ya Frances Burney

Mnamo Septemba 1811, mwandishi Mwingereza Frances Burney, aliyekuwa akiishi Paris na mume wake Mfaransa, alikatwa titi nyumbani kwake. Dawa ya usingizi ilikuwa bado haijulikani. Ilianza kutumiwa hadharani mwaka 1846. Alipewa kinywaji chenye mvinyo tu. Kiongozi wa wapasuaji alikuwa Larrey, daktari wa majeshi ya Napoleon. Kisu kilifanya kazi karibu dakika 20, naye akiwa macho.

Miezi kadhaa baadaye alimwandikia dada yake Esther barua ndefu akisimulia yote. Iliendelea kumuumiza kila alipoigusa, hata hakuweza kuisoma tena. Jambo hili wengi wetu hatulijui: jeraha la kifua lilipona kabla ya jeraha la moyo. Lakini alisimulia. Na aliishi hadi mwaka 1840, akafa akiwa na miaka 87.

Kisu kikubwa, kisha kisu kidogo

Katika miaka ya 1880, daktari William Halsted wa Marekani alianza kutoa titi lote pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani. Aliamini kwamba akikata zaidi, ugonjwa hautarudi. Njia yake ilitawala dunia kwa miaka mingi. Wanawake wengi walibaki na kifua kilichobonyea na mkono uliovimba, ambao haukuweza tena kuinua kitu.

Baadaye daktari Bernard Fisher wa Pittsburgh alitaka jambo hilo lithibitishwe kwa kulinganisha wagonjwa. Wakubwa wenzake walimpinga vikali. Matokeo ya mwaka 1985 yalimpa haki: uvimbe ukiwa bado mdogo, kuutoa peke yake na kufuatisha mionzi kunampa mama nafasi sawa ya kuishi kama kutoa titi lote.

Angalieni neno mionzi. Pasipo mashine hiyo, mara nyingi njia ya usalama ni kutoa titi lote. Kwa hiyo mama wa hapa akiambiwa hivyo, asidhani kwamba daktari anamwonea au amebaki nyuma. Amuulize wazi: uvimbe una ukubwa gani, kuna njia nyingine, na nikiichagua nitapata wapi mionzi?

Dawa nazo zilisonga mbele. Tamoxifen ilitengenezwa Uingereza mwaka 1962 ikitafutwa kuwa dawa ya kuzuia mimba. Kwa kazi hiyo haikufaa, lakini ilikuja kuonekana kwamba inazuia aina ya kansa ya titi inayolishwa na homoni. Ni kidonge cha kumeza nyumbani kila siku, kwa kawaida miaka mitano au zaidi. Haimfai kila mgonjwa. Kipimo cha nyama iliyokatwa kwenye uvimbe ndicho kinachosema.

Walipoanza kusema

Mwaka 1952, Terese Lasser wa New York alitolewa titi, akaondoka hospitalini bila mtu wa kumweleza ataishije. Akaanza kuwatembelea wagonjwa wengine. Aliwapelekea titi la bandia la muda, mpira mdogo wa kukamua kwa mkono na kamba ya kunyooshea bega. Madaktari wengine hawakupenda, lakini hakuacha. Mwaka 1974, Betty Ford, mke wa rais wa Marekani, alitangaza hadharani kwamba ametolewa titi. Wanawake wengi wakaenda kupimwa, kwa sababu mmoja tu alisema.

Huku kwetu pia wapo. Mjini Kampala, wanawake waliougua kansa ya titi waliunda chama chao, UWOCASO, mwaka 2004. Nchini Rwanda, Philippa Kibugu-Decuir, aliyepona ugonjwa huo na kumpoteza dada yake kwa ugonjwa huohuo, alianzisha shirika la kufundisha wanawake kugundua mapema. Hawa wote walitoa kitu ambacho hakiuzwi katika famasi: mgonjwa kumwona mtu aliyepitia njia hiyo, na bado anatembea.

Bukavu inajua kutunza mwili na moyo

Mji wetu una historia yake katika jambo hili. Oktoba 1996, vita viliikuta hospitali ya Lemera, wagonjwa wakauawa vitandani. Daktari Denis Mukwege, aliyekuwa mkuu wa hospitali hiyo, alianzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999. Alikusudia kuwasaidia wajawazito, lakini walikuja wanawake walioharibiwa na ubakaji. Hapo Panzi ikajifunza kwamba upasuaji hautoshi. Ikaweka huduma nne pamoja: matibabu ya mwili, msaada wa moyo, msaada wa maisha, na msaada wa sheria. Kazi hiyo ilimpatia Mukwege tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018.

Mwaka 2010, Mji wa Furaha ukiwa bado unajengwa hapa Bukavu, mwanzilishi mwenza Eve Ensler wa Marekani aligunduliwa kansa ya kizazi. Baadaye ameeleza kwamba wanawake wa Kongo, ambao alikuja kuwasaidia, ndio waliomtia nguvu wakati wa dawa kali. Mji wa Furaha ulifunguliwa Februari 2011, naye akiwa hai. Basi ujuzi huu tunao. Mama mwenye kansa ya titi anastahili mkono uleule.

Njia ndefu, na vita

Shida yetu kubwa ni kuchelewa na kukatizwa. Mionzi wagonjwa wetu huitafuta ng'ambo. Rwanda ina kituo cha kansa cha Butaro tangu mwaka 2012, na mashine za mionzi ziko Kanombe, Kigali. Hata majirani wamepata taabu: mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda iliharibika, na wagonjwa wakangoja mpya hadi mwanzo wa mwaka 2018.

Halafu mwanzoni mwa mwaka 2025, Goma ilianguka, kisha Bukavu katikati ya Februari. Uwanja wa Kavumu ukafungwa, benki zikafungwa, familia zikakimbia. Anayetumia dawa ya kila wiki tatu hawezi kuiambia kansa ingoje barabara ifunguke.

Kwa hiyo, ninyi mlio kwenye kambi au katika familia za kupokea wageni, shikeni haya:

Makaratasi ni sehemu ya dawa. Tunza jibu la kipimo cha nyama, majina ya dawa na kiasi, na tarehe ya sindano ya mwisho. Piga picha kwa simu, umtumie mtu wako aliye mahali pengine. Ukifika kituo kipya cha afya, daktari ataanzia ulipoishia.

Dawa kali zinaleta kichefuchefu, uchovu, vidonda vya mdomo, na nywele kudondoka. Nywele huota tena. Kula kidogokidogo mara nyingi: uji, maharage, sambaza, ndizi. Lakini ukipata homa, usingoje asubuhi wala usijitibu kama malaria. Nenda hospitali saa ileile, maana damu yako imepungukiwa na askari wake.

Ukitolewa tezi za kwapani, linda mkono wa upande huo. Anza mazoezi mapema kama daktari atakavyokuonyesha, kama vile kupandisha vidole ukutani polepole. Bidoni la maji na mzigo wa makala abebe mwingine. Jikinge na mikato na kuungua. Mkono ukivimba au ukiwa moto, onyesha haraka.

Mume, usihame chumba. Wanawake wengi wanasema kifua kisicho na titi hakikuwaumiza kama macho ya mume yaliyogeuka pembeni. Na watoto waambiwe ukweli kwa maneno yao: mama anaumwa, anatibiwa, si kosa la mtu. Mama mwenyewe aruhusiwe kulia. Anayelia hajakosa imani. Lakini akikosa usingizi au hamu ya kuishi siku nyingi, aelezwe kwa muuguzi au mshauri wa moyo. Maombi yanatia nguvu. Yaende pamoja na dawa, yasichukue nafasi yake.

Ninyi wa vikundi vya AVEC, mfuko wenu wa kusaidiana unaweza kulipa tiketi ya boti au kipimo kimoja. Huo ndio ukoo mpya wa mtu aliyekimbia.

Mwaka 2022, dunia ilipata wagonjwa wapya wa kansa ya titi milioni 2.3, na watu kama 670,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Shirika la Afya Duniani linataka kila mwenye dalili apate jibu katika siku 60 tangu afike kituoni. Kwetu siku hizo zinaliwa na aibu, na maneno ya karuho, na mama kungoja hadi mume arudi safari. Vita hatuwezi kuvizuia sisi raia. Hizo nyingine tunaweza kuzirudisha. Uvimbe usiouma, ngozi iliyobonyea kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu: chochote kati ya hivyo ni sababu ya kwenda wiki hii. Na yule anayekwenda asiende peke yake.